X-Men: nianze na ipi, niruke zipi, na mbona miaka haikubaliani?

Mgeni wa Sinema

Habari wakuu. Wikiendi mbili zijazo nataka kuzitazama filamu za X-Men za kampuni ya Fox, zile za mutanti (watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida), nikiwa na mpwa wangu wa miaka 12. Ya kwanza naikumbuka kwa mbali, First Class nimeiona, zilizobaki ni vipande vya mitandaoni tu.

Naombeni msaada. Nifuate mwaka filamu ilipotoka au mwaka wa hadithi? Halafu kwenye ile ya 2000 Xavier, kiongozi wa X-Men, anasema alikutana na Erik (ndiye Magneto, mpinzani wake) akiwa na miaka 17, ila First Class inawakutanisha watu wazima, mwaka 1962. Yupi anadanganya? Na Days of Future Past naona ina matoleo mawili, lipi ndilo? Mwisho, kwa udadisi tu: humo humo, ile sehemu ya kijana mwenye mbio jikoni, risasi zikielea hewani, ilipigwaje?

Kobe Mzee

Fuata mwaka wa kutoka. Ukifuata mwaka wa hadithi itabidi ukate filamu vipande, maana Days of Future Past inaanzia siku za usoni, inarudi 1973, halafu inamalizia 2023. Hiyo moja tu inavuruga orodha yoyote iliyopangwa kwa tarehe.

Panga mbili kwa siku. Jumamosi ya kwanza X-Men (2000, dakika 104) na X2 (2003, kama 133). Jumapili The Last Stand (2006, 104) na First Class (2011, 132), irudie hata kama umeshaiona. Jumamosi ya pili The Wolverine (2013, 126) na Days of Future Past (2014, 132). Jumapili ya mwisho Apocalypse (2016, 144) na Logan (2017, 137). Filamu nane, karibu saa 17.

The Wolverine na Days of Future Past usizitenganishe siku. Majina yakianza kupanda mwishoni mwa The Wolverine, usizime: kuna kipande cha uwanja wa ndege ambacho ndicho mlango wa filamu inayofuata. Na The Wolverine yenyewe haina uzito kama hujamaliza The Last Stand, kwa sababu mtu anayemtokea Logan (ndiye Wolverine) ndotoni ni yule aliyemuua kule.

Subiri pia mpaka mwisho kabisa wa The Last Stand, baada ya majina yote. Ukikosa sekunde zile utakaa unauliza Xavier amefufukaje. Days of Future Past nayo ina kipande cha Misri mwishoni, Apocalypse inaanzia hapo. X-Men, X2, First Class na Logan hazina kitu baada ya majina, zima ukalale.

Za kuruka: Origins: Wolverine (2009). Kinachohitajika humo ni kwamba Logan alivikwa chuma cha adamantiamu kwenye mifupa na kumbukumbu zikafutika, na hayo X2 inakueleza vizuri zaidi. Dark Phoenix (2019) ni kisa kilekile cha Jean Grey ambacho The Last Stand ilishakijaribu, na mwandishi Simon Kinberg yumo kwenye zote mbili. Mtu amepewa nafasi mbili kwa kisa kimoja na zote hazikukaa sawa. The New Mutants (2020) imejitegemea, haikupunguzii wala haikuongezei.

Kuhusu mtoto: Logan weka pembeni. Daraja lake Marekani ni R (chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima), na si kwa matusi tu. Dakika za mwanzo wezi wa magurudumu wanakatwa mikono na kuchomwa vichwa, damu hadharani. Siku hiyo mwonyeshe Apocalypse, Logan utaitazama mwenyewe akishalala. Deadpool zote nazo ni R. Ile ya 2024 aliyopo na Wolverine isitangulie Logan hata kwa bahati mbaya, inaanza kwa kufukua kaburi lake.

Binti Katuni

Kobe nakubali karibu yote ila mwanzo. Kwa mtoto wa miaka 12 mimi ningeanza na First Class. Uti wa mgongo wa hizi filamu ni ugomvi wa marafiki wawili: mmoja anaamini binadamu watawazoea mutanti, mwingine ameshaona kambi ya Wanazi kwa macho yake na haamini tena ahadi ya serikali yoyote. First Class inakuonyesha urafiki kabla haujavunjika. Ukianza na ya 2000 unawakuta wazee wawili wanacheza chesi na hujui wanagombea nini.

Kobe Mzee

Unakijua, dada. Ya 2000 inafungua kambini Poland mwaka 1944: mvulana anatenganishwa na wazazi wake mvuani, lango la chuma linapinda kwa mkono wake. Dakika tatu hivi. Muda mfupi baadaye anakuja seneta bungeni anayetaka mutanti wote waandikishwe kwenye daftari. Mtoto aliyeona lango lile hahitaji kuelezwa kwa nini Magneto akisikia neno "daftari" damu inamchemka. First Class imelirudia tukio hilohilo mwanzoni kisha ikaongeza chumba cha Shaw, adui wa filamu hiyo, ambamo mama wa mvulana anapigwa risasi. Ukianza nayo, lango la 2000 linakuwa marudio. Na kwa mtoto, kile chumba ni kizito kuliko lango.

Binti Katuni

Hapo kwenye chumba cha Shaw nimekuelewa. Nabaki na msimamo wangu kwa watu wazima.

Saa Mbovu

Nijibu la miaka, maana hapa watu hudanganyana sana.

Maelezo yanayozunguka ni kwamba Logan alirudi nyuma akabadilisha historia, kwa hiyo kila mgongano umejibiwa. Si kweli. Historia inapinda mwaka 1973, pale Mystique, mutanti wa bluu anayejigeuza sura, anapozuiwa kumuua Trask, mtengenezaji wa Sentinel, roboti za kuwinda mutanti. Yaliyotokea kabla ya hapo yalipaswa kuwa sawa kwenye njia zote mbili. Xavier na Erik wanakutana 1962. Ni kabla ya 1973. Kwa hiyo lile la miaka 17 halina dawa, waandishi wa 2011 waliamua tu kulipuuza.

Yapo mengine ya kundi hilo. First Class inamvunja Xavier mgongo ufukweni Cuba 1962, lakini The Last Stand inafungua miaka ishirini nyuma ya hadithi yake na Xavier anatembea kwa miguu yake kwenda nyumbani kwa Jean. Moira ni shushushu wa CIA kwenye First Class, kwenye The Last Stand ni daktari. Trask wa 2006 ni Bill Duke, mtu mweusi mwenye mwili mkubwa, wa 2014 ni Peter Dinklage. Usitafute mantiki.

Mmoja tu una jibu la haki. Kwenye X2 Hank McCoy anaonekana kwenye televisheni ya baa akiwa na sura ya kawaida, wakati First Class ilishamgeuza kuwa wa bluu mwenye manyoya 1962. Days of Future Past inaonyesha ana dawa ya kujidunga inayomrudisha kuwa mtu. Hapo walijisumbua kushona.

Ichore hivi kwenye karatasi. Shina ni First Class. Tawi la kwanza: Origins, X-Men, X2, The Last Stand, The Wolverine, kisha vita vya Sentinel mwanzoni mwa Days of Future Past. Tawi hilo linakatwa. La pili: 1973, Apocalypse ya 1983, Dark Phoenix ya 1992, ule mwisho wa 2023 Logan anapoamka shuleni akawakuta wote wazima, halafu Logan ya 2029. Tatizo la tawi la pili ni Dark Phoenix, inamwondoa Jean 1992 wakati tumeshamwona 2023 amesimama mlangoni. Sababu nyingine ya kumsikiliza Kobe na kuiruka.

Na usihesabu umri. Erik ni mvulana mwaka 1944, basi 1992 anagonga sitini, na Michael Fassbender bado ana ngozi ya kijana.

Lenzi 50

La jikoni ni langu.

Walitumia kamera za kasi kubwa za Phantom kwa picha 3,200 kwa sekunde. Sinema huchezwa kwa picha 24 kwa sekunde. Gawanya: sekunde moja ya kweli inanyooka mpaka zaidi ya dakika mbili. Ndiyo maana mlinzi anaonekana kama sanamu wakati mwigizaji hakugandishwa kabisa.

Gharama yake ni mwanga. Kwa kasi ya kawaida kila picha hupata takriban 1/48 ya sekunde kunywa mwanga. Kwa 3,200 inapata kama 1/6400. Ni pungufu mara 133, sawa na kufunga lenzi stopu saba (kila stopu hupunguza mwanga nusu). Usipofidia kwa taa kubwa unapata giza tupu, na jikoni lenye chuma king'aavu kila upande taa zote hizo zinaonekana kwenye sufuria. Shida ya pili ni kumetameta. Taa ya umeme wa hezi 60 hupiga mara 120 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera ya 3,200 inaona kila pigo, picha inapumua. Dawa ni taa za umeme usiobadilika mkondo, au balbu kubwa ambazo waya wake haupoi haraka.

Evan Peters, mwigizaji wa kijana yule, hakukimbia ukutani. Alikimbia kwenye mashine ya kukimbilia mbele ya kitambaa cha rangi moja, upepo ukimpiga usoni, kisha akabandikwa jikoni. Matone ya maji, visu na mboga nyingi ni kompyuta, kazi ya Rising Sun Pictures ya Adelaide, Australia. Tazama anapochovya kidole kwenye supu akaonja: mwendo wa kidole ni wa mtu asiye na haraka, na matone ya maji pembeni yake yamesimama. Kichekesho chote kimebebwa na kidole kile. Risasi anazisogeza mwisho kabisa, kama mtu anayefuta vumbi.

Kasoro moja: mwaka ni 1973 naye amevaa kinasa kidogo kiunoni na vipokea sauti. Walkman ya Sony ilitoka 1979.

Kwa kuwa uko kwenye mambo ya nyuma ya kamera, mkazie macho Mystique wa 2000. Rebecca Romijn alibandikwa vipande zaidi ya mia vya silikoni, na kazi ilichukua hadi saa tisa. Aliyevitengeneza ni Gordon Smith. Silikoni inacheza na ngozi kuliko povu la mpira, lakini jasho likipita chini kingo zinaachia, na kwenye viungo ndiko kunaanza. Jennifer Lawrence 2011 naye alikaa kama saa nane. Kufika 2014 walimshonea vazi la mwili mzima, kazi ya brashi ikabaki zaidi usoni, muda ukashuka mpaka kama saa tatu. Ukijua hivyo utaona mikunjo ya vazi kwenye kwapa na nyuma ya goti, kitu ambacho Mystique wa kwanza hana.

Mgeni wa Sinema

Asanteni sana wakuu, karatasi imeshachorwa. Yamebaki mawili. Storm, yule mutanti anayetawala hali ya hewa, ni kweli ni Mkenya? Na matoleo mawili ya Days of Future Past hayajajibiwa. Nililonalo maandishi ya chini yanaenda sawa mwanzoni, mbele huko yanachelewa.

Binti Katuni

Mama yake. Kwenye vitabu vya katuni Ororo (ndilo jina la Storm) ni mtoto wa N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya, na mpiga picha wa habari Mmarekani. Alizaliwa New York, akalelewa Kairo, nyumba ikawaangukia wazazi, yeye akafukiwa na kifusi. Ndiyo asili ya kuogopa kwake sehemu finyu. Akawa mwizi wa mifukoni mitaani Kairo, kisha akatembea kusini hadi nyika za Serengeti. Xavier anamkuta Kenya watu wakimwomba mvua. Walimbuni Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975.

Filamu zimeokota nusu. Apocalypse inakuonyesha Kairo na wizi, Kenya hakuna. Kwenye ya 2000 Halle Berry anajaribu lafudhi ya Kiafrika, sikiliza anavyotamka. Kufika X2 imeyeyuka na hakuna aliyeeleza ilikokwenda. Bora tu, maana haikuwa ya kwetu wala ya jirani.

Kobe Mzee

Matoleo: la sinema, na Rogue Cut la 2015 lenye kama dakika 17 za ziada. Kwa mara ya kwanza chukua la sinema. Lile refu linamrudisha Rogue, mutanti anayenyonya nguvu za wengine: Kitty, anayemshikilia Logan huko 1973, amejeruhiwa, wanakwenda kumtoa Rogue alikofungwa ili ashike nafasi yake. Mzunguko mzuri, ila unapunguza kasi pale ambapo saa inatakiwa ikimbie. Linafaa ukirudia.

Maandishi pima hivi kabla hujagusa kitu. Angalia mazungumzo ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Yakichelewa kiasi kilekile mahali pote, ni kusogeza tu: kwenye programu ya VLC bonyeza G au H. Yakiwa sawa mwanzoni halafu pengo likakua polepole, kasi hazilingani, faili limetengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde na video ni 25 au kinyume chake. Kwa filamu hii pengo hufika dakika tano na zaidi mwishoni, na G na H hazitakusaidia. Ingia sehemu ya kulinganisha sauti na maandishi, badilisha kasi ya maandishi. Lakini yakienda sawa muda mrefu halafu yakaruka ghafla, una video ya toleo moja na maandishi ya toleo jingine. Hapo usirekebishe, tafuta faili lake.

Mgeni wa Sinema

Yanaruka ghafla, Kitty akishajeruhiwa tu.

Kobe Mzee

Basi, kwa kuwa yanachelewa, video yako ni ya toleo la sinema, maandishi ndiyo ya lile refu.