Tupeane uzoefu: siku uliyomgusa nyoka kwa mara ya kwanza

Mzazi wa Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni.

Kijana wangu ana miaka 11. Jioni akikuta kamba imelala njiani, anasimama na hapiti mpaka nimwondolee. Hofu hiyo haikuja bure. Mwaka juzi tulikuwa kijijini, Mpwapwa, bibi yake akang'atwa na kifutu wakati anang'oa karanga, na mtoto alikuwa hatua tatu nyuma yake. Akayaona yote: mguu kufungwa kamba mpaka ukawa mweusi, wembe, jiwe jeusi, na bodaboda iliyochelewa kufika. Bibi alipona, ila anachechemea hadi leo.

Likizo hii nataka nimpeleke mahali penye nyoka, akutane na mtu anayewajua, aelezwe vizuri, na akitaka mwenyewe aguse. Kumlazimisha sitaki. Nasikia habari za Meserani, ile bustani ya nyoka karibu na Arusha, na wengine wananiambia nisubiri maonyesho ya Nane Nane hapa Nzuguni. Mliowahi kwenda, watoto walipokeaje?

Kizota Kwetu

Mimi nilivishwa chatu shingoni Nane Nane. Nilidhani atakuwa na utelezi kama kambare. Nikakuta mkavu, magamba yamepangana vizuri, na ndani unasikia misuli inatembea polepole. Mzito kuliko anavyoonekana. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba chatu hana sumu kabisa, anaua kwa kubana. Mpeleke, mkuu.

Mama Ipagala

Naomba nitofautiane kidogo na aliyetangulia. Kuna maonyesho fulani niliwapeleka wanangu, chatu anatolewa shingo hii anavishwa shingo ile, saa saba mchana, jua la Dodoma mnalijua. Nyoka hana jasho. Joto la mwili wake linafuata la mahali alipo, kwa hiyo kumweka juani ni kumpika. Nilipouliza anapumzika saa ngapi, kijana aliyemshika akaniambia nisogee wengine wapige picha. Maji ya kunawa hayakuwepo, na hawa wanyama wa jamii ya nyoka, kobe na mijusi hubeba vimelea vya kuharisha kwenye ngozi bila wao kuugua. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka 3, vidole muda wote viko mdomoni. Niliumia sana, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya yule chatu.

Mleta mada, ukifika mahali, kabla ya kutoa hela angalia mnyama ana kivuli na maji, na mtoa maelezo anaongea au anakusanya hela tu.

Msafiri wa Kondoa

Meserani nimefika mara mbili. Kutoka Dodoma ni rahisi: panda basi la Arusha linalopitia Kondoa na Babati, unashushwa barabarani kabla ya kuingia Arusha mjini. Ukiondoka alfajiri unafika mchana.

Nitawasimulia kitu kimoja tu. Tulikuwa watu kama nane mbele ya kizimba cha kioo. Mtoa maelezo akasema, "Humu yuko kifutu, nionyesheni." Tukatafuta. Majani makavu, mchanga, kijiti. Mimi ni mtu wa porini, nimekulia machungani, lakini sikumwona. Akaweka kidole kwenye kioo, na pale pale tulipokuwa tunatazama, majani yakawa nyoka. Mnene, amelala tu. Akatuambia nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa miguu yako wanaondoka, huyu hutulia akitegemea rangi yake, ndiyo maana watu wanamkanyaga. Tangu siku hiyo sitembei usiku bila tochi, na shambani navaa buti.

Koboko naye yupo. Si mweusi kama tunavyosimuliana, ni wa kijivu. Weusi uko ndani ya kinywa. Na pana zahanati hapo hapo inayotibu wanakijiji walioumwa na nyoka.

Mwalimu Hombolo

Msiwasahau kobe. Kwenye mawe ya huku kwetu kanda ya kati yuko kobe mwenye gamba bapa kama chapati, tena laini. Akiona hatari hajifichi ndani ya gamba, anakimbilia kwenye ufa wa mwamba. Ameadimika kwa sababu ya kukamatwa na kuuzwa nje, na tangu 2019 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanafunzi wangu wamezaliwa karibu na mawe hayo, hakuna hata mmoja aliyekuwa anamjua.

Mzazi wa Nkuhungu

MREJESHO.

Tumerudi jana kutoka Meserani. Asanteni wote, na hasa Mama Ipagala.

Mtoto alipita kwenye vizimba vya mwanzo amenishika shati. Alipofika kwa kifutu akaliachia. Akasimama muda mrefu, kisha akamuuliza mtoa maelezo, "Kwa nini mguu wa bibi ulikuwa mweusi?" Yule kaka akachuchumaa ili walingane kimo. Akamwambia sumu ya kifutu inaharibu nyama, na kamba ikikazwa inazuia damu, mguu unazidi kufa. Chale na jiwe jeusi havitoi sumu. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na viatu kabla hajavimba, mguu ufungwe kijiti usichezecheze, apelekwe hospitali haraka. Mtoto akamwambia arudie tena. Akarudia, hakuchoka.

Mwishoni akaletewa nyoka mdogo asiye na sumu. Aligusa kwa nyuma ya kidole, akautoa mkono, akarudisha kiganja kizima.

Tulinawa, tukakaa kivulini, akaomba simu ampigie bibi. Akamweleza habari za kamba na kijiti, halafu akamwambia amemshika nyoka, na kwamba ni mkavu.

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha nikamsikia mama akiuliza, "Mkavu?"