Sipendi michezo kabisa, ila kila mtu ananiambia nisome manga za michezo. Nianzie wapi?

Kipepeo_Mweusi
Habari wadau. Mimi na michezo hatuivi chungu kimoja: sina timu, sitazami mechi. Nasoma sana manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za upelelezi na za mizimu. Nikiomba zenye wahusika wazito natajiwa Slam Dunk (ya kikapu) na Haikyu!! (ya voliboli). Kwenye mechi napotea: sijui mpira uko kwa nani, sheria sizijui, na mechi moja inakula juzuu nzima. Zinasomwaje? Na ipo fupi?

Mzee_wa_Juzuu
Karibu. Kwanza angalia mwelekeo. Ukurasa unaanzia kona ya juu kulia kwenda kushoto, na viputo vya maneno vivyo hivyo. Programu ya simu ikiwa imewekwa kushoto kwenda kulia, utamwona mtu anadunda mpira kabla hajapewa pasi. Mara nyingi kupotea kunaanzia hapo.

Sheria usihangaike kuzitafuta nje. Katika Slam Dunk, mhusika mkuu Sakuragi anaingia timu kwa ajili ya msichana na hajui lolote la kikapu, kwa hiyo anachofundishwa yeye unafundishwa na wewe: kudunda, leiyapu (kufunga ukiwa karibu na kikapu), ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu). Baadaye anapewa mazoezi ya kurusha shuti 20,000, na utaelewa kila kosa la kiwiko na goti kwa sababu linachorwa.

Ndani ya mechi shika vitu viwili: matokeo na muda uliobaki. Enzi zile mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20. Ile ya mwisho dhidi ya shule ya Sannoh inachukua takriban juzuu sita kati ya 31, maana saa inasimama kila mtu anapowaza au kukumbuka. Mistari ya kasi ipitie haraka. Tulia kwenye nyuso. Sekunde za mwisho karibu hazina neno hata moja. Msomaji wa maneno tu atazifunua upesi na kuikosa sehemu bora kuliko zote.

Binti_Pwani
Kwa asiyependa michezo mimi ningeanza na Haikyu!!, kwa sababu ya mtu mmoja: Tsukishima. Yumo kwenye timu na bado haoni sababu ya watu kujitesa kwa ajili ya klabu ya shule. Swali lako analiuliza yeye, na mwandishi, Furudate, halijibu kwa hotuba.

Jibu liko kwenye mechi dhidi ya shule ya Shiratorizawa. Ushijima, mpigaji wao mkuu, anapiga mipira isiyozuilika. Tsukishima hashindani naye kwa nguvu. Seti nzima ya pili anambana mpangaji wao, yule anayewainulia wapigaji mpira: anachelewa kuruka, anaonyesha mikono mahali fulani kisha anaihamisha, mpaka mpira mmoja unapangwa vibaya kidogo tu. Huo ndio anaouzuia, na seti inaishia hapo. Wewe wa upelelezi utaifurahia: ushahidi wote umewekwa wazi kurasa nyingi kabla.

Sheria zinazokutosha: timu kugusa mpira mara tatu tu kabla ya kuuvusha wavu, seti hadi pointi 25 kwa tofauti ya mbili, na timu ikipokonya zamu ya kuanzisha wachezaji wanazunguka nafasi moja. Ndiyo maana mrefu wao kuna wakati hayupo mbele.

Kalamu_Kavu
Fupi ipo: Ping Pong ya Taiyo Matsumoto, juzuu tano tu, 1996 hadi 1997. Mmoja wa wahusika wakuu ana kipaji kikubwa na hajali kushinda. Mistari imepindapinda, hivyo usikate tamaa kabla ya juzuu ya pili.

Kama tatizo lako ni mipira yenyewe, chukua Chihayafuru. Ni karuta, mchezo wa kadi za mashairi 100 ya kale ya Kijapani. Mezani, au tuseme kwenye mkeka, zinawekwa 50, kila mtu 25, na wana dakika 15 za kukariri zilipo. Msoma mashairi anaanza shairi, mchezaji anawahi kadi yake. Mashairi saba yanatambulika kwa silabi ya kwanza peke yake, kwa hiyo kusikia ndiko kunakoamua. Tahadhari: ni juzuu 50.

Kipepeo_Mweusi
Asanteni sana. Haikyu!! ina juzuu 45. Naweza kurukia hiyo mechi ya Shiratorizawa?

Binti_Pwani
Usiruke kambi ya mazoezi ya Tokyo. Bokuto na Kuroo, wachezaji wa timu nyingine, ndio wanaomfundisha Tsukishima kuzuia, na kaka yake anaelezwa humo humo. Ukiikosa, ule mpira utauona kama pointi moja tu.