Tupeane uzoefu: mnatenganishaje arithropodi (wanyama wenye gamba la nje na miguu ya viungo) maabara na shambani?

MwalimuMaabara, Nakuru
Wanafunzi hukimbilia kuhesabu miguu, na makosa mengi huanzia hapo. Mimi nashauri vipapasio kwanza. Hakuna kabisa? Araknida, yaani kundi la buibui, nge na kupe. Jozi moja? Mdudu, tandu au jongoo. Jozi mbili? Gegereka, yaani kundi la kaa na kamba. Kamba wekundu wa Ziwa Naivasha, walioingizwa mwaka 1970 na asili yao ni Marekani, ni sampuli nzuri ila wana mtego: kila kipapasio kifupi kina nyuzi mbili, kirefu kina mmoja, kwa hiyo jicho linaona nyuzi sita. Hesabu mashina, usihesabu nyuzi. Lenzi ya mara 10 inatosha.

Kwa nge, makoleo ya mbele ni pedipalpi (viungo vilivyo kando ya mdomo), si miguu. Anayeyahesabu hupata jozi tano badala ya nne na kukwama.

AfisaMifugo, Bungoma
Mwalimu, ongeza kupe. Lava wake, yaani mchanga aliyetoka kwenye yai, ana miguu 6, hivyo anayewaokota nyasini huwaita wadudu. Akishanyonya na kuambua gamba anakuwa tunutu (hatua kabla ya kupevuka) mwenye miguu 8. Dalili isiyobadilika ni kwamba hana vipapasio, na mwili wote ni kipande kimoja bila kiuno.

Kwa wafugaji jambo hili lina uzito. Kupe wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, ndiye anayeeneza ugonjwa wa ng'ombe wa ndigana kali. Mama hapitishi vimelea kwenye mayai: lava au tunutu huvipata kwa ng'ombe mgonjwa, kisha hatua inayofuata ndiyo huambukiza ng'ombe mwingine. Mkimtoa kupe kwa ajili ya utambuzi, shikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi na mvute polepole. Mkimkamata tumboni, mdomo hubaki ndani ya ngozi, na bila mdomo ni vigumu kutaja jenasi, yaani kundi la spishi zake.

PwaniYaZiwa, Kisumu
Kumbikumbi na sisimizi wenye mabawa huchanganywa kila mvua ikinyesha. Kumbikumbi: mabawa manne yanayolingana, vipapasio vilivyonyooka kama uzi wa shanga, kiuno kipana. Sisimizi: mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, vipapasio vina kiwiko, kiuno kimebanwa. Wale inzi wadogo wanaopanda kama moshi juu ya ziwa wana mabawa mawili tu. Ya nyuma yamebaki vifundo vya kusawazisha mruko.

Na msiue kila buibui nyumbani! Evarcha culicivora wa huku kwetu ziwani hupendelea mbu jike aliyejaa damu.

MwalimuMaabara
Kuhifadhi: pima mililita 74 za ethanoli ya asilimia 95, jazia maji hadi 100, upate karibu asilimia 70. Ikiwa kali zaidi, viungo hukakamaa na miguu hukatika. Viwavi watumbukizwe kwanza kwa dakika moja kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka, la sivyo watageuka weusi. Vipepeo wakaushwe, kwani ethanoli huharibu magamba ya mabawa.

Shambani, Kakamega
Jongoo naye asiangaliwe shingoni. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu, tatu zinazofuata zina jozi moja moja, ndipo jozi mbili zianze. Hesabu katikati ya mwili. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili na kucha za sumu chini ya kichwa, kwa hiyo wote wawili washikwe kwa kibano: majimaji ya jongoo huchoma macho na kuacha madoa vidoleni.