Kwenda Ngome Kongwe mwezi wa tano wakati Busara imeshapita, inafaa kweli?

mgeni_mbeya:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Mbeya, kila mwaka najipanga kwenda Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Unguja, na kila Februari kazini wananinyima likizo, safari hii wamenipa mwezi wa tano na nimesema liwalo na liwe naenda Unguja. Marehemu baba alikuwa na kanda za taarab, anazipiga mpaka redio inakula mkanda, Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, nimemjua kwa sauti kabla sijamwona hata kwenye picha. Nataka nikakae tu pale Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya mjini Unguja tamasha linapofanyika, alipokuwa anaimba. Jamaa zangu wananiambia mwezi wa tano ni mvua tupu, nitaenda kuangalia kuta. Naomba ukweli kwa aliyewahi kwenda kipindi hicho, ngome inakuwa wazi? Muziki upo wowote? Na gesti je?

konda_mstaafu:
Mkuu nenda. Busara nimeenda mara mbili, halafu mwaka juzi kazi ikanipeleka mwezi wa nne. Februari pale ndani jukwaa kubwa liko kwenye majani, jingine kule kwenye ngazi za mawe, unatoka hapa unakimbilia kule, raha sana ila ngome yenyewe huioni, unaona migongo ya watu. Mwezi wa nne niliingia asubuhi saa nne bila kulipa hata mia, muuza picha za tingatinga anaingiza mali yake ndani maana wingu limeshasimama juu ya bahari, nikapanda ngazi ya juu kabisa nikapiga kofi moja. Lile kofi lilienda likagonga ukuta likanirudia safi kabisa, nikaelewa kwa nini waimbaji wanapapenda. Mvua ikaanza, kuta zile za mawe ya matumbawe zikilowa zinakuwa rangi ya kahawa, nikakaa chini ya tao la mlango karibu saa nzima naziangalia.

Na hao wanaosema utaangalia kuta waambie kuta zenyewe Waarabu wa Oman ndio walijenga baada ya kumtimua Mreno mwisho wa karne ya 17, palepale palipokuwa na kanisa lake. Baadaye pakawa depo ya reli ya Bububu (ndiyo, Unguja ilikuwa na treni), kisha klabu ya akina mama. Busara imeingia 2004 tu.

safari_bongo:
Mimi naona usubiri. Masika boti inayumba na kutoka Dar ni kama saa mbili za mateso kama hujazoea bahari. Mahoteli mengi ya pwani huko Nungwi na Paje yanafunga, mjini gesti zipo na bei inashuka, hapo sibishi. Lakini Busara ndani ya siku chache unasikia wasanii wa Afrika nzima, hicho kitu ukuta haukupi. Halafu tusichukulie kwamba lipo tu, 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa pesa. Bana likizo uende Februari ukate tiketi, ndivyo tamasha linavyoishi.

bint_malindi:
Karibu sana kaka yangu, mie mzaliwa wa hapahapa mjini. Uliyonena ndugu hapo juu ni kweli kuhusu tiketi, ila muziki wetu haulali ngomeni, ngomeni unakwenda kutembea tu. Unalala kwenye vilabu vya taarab. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958 pale Vuga, na wanafanya mazoezi wageni wakiwepo wasiwepo. Ukipita jioni ukasikia fidla usisimame dirishani, piga hodi, salimia wazee, omba kukaa, simu iache mfukoni. Masika moja nilikuwa kwenye mazoezi umeme ukakatika, hakuna aliyenyanyuka, wakawasha tochi ya simu wakailaza juu ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na mzee akawa anakaza nyuzi moja baada ya moja kwa sababu unyevu unazilegeza, sie wengine kimya tunamsubiri. Nimekwenda Busara nyingi na nazipenda, ila usiku ule ndio ninaousimulia.

Ramadhani tu usije kwa ajili ya taarab, vilabu vinanyamaza. Pale bustani ya Forodhani mvua ikinyesha wauzaji wa vyakula wanapungua, wahi ule urojo mapema. Na ukitoka ngomeni usishtuke kuiona Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kisultani jirani yake, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020 na mpaka leo mie nikipita naumia.

Bi Kidude alituaga Aprili 17, 2013, masika vilevile. Kwa hiyo sie mvua ndio wakati wa kumkumbuka, hujakosea mwezi.

mgeni_mbeya:
Dada umenimaliza. @safari_bongo nimekusikia, Februari nitapambana nayo mwakani, lakini mwezi wa tano naenda. Kanda za baba imebaki moja, redio yake ilishakufa na hapa sijapata pa kuipiga, nilikuwa nafikiria nije nayo hivyohivyo.

bint_malindi:
Njoo nayo. Mjomba wangu hapa Malindi bado anayo redio ya kanda na inafanya kazi. Usiitie kwenye begi la chini, kwenye boti yanalowa, ivungie nailoni uiweke mfukoni.