Bagamoyo hadi Ujiji kwa baiskeli, njia ya misafara: tairi gani, maji lita ngapi?

Mkwaju_Mbichi:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wawili, tunataka kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa njia ya wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke, ile ya 1857. Baiskeli zote za gia, moja tairi za inchi 26, nyingine rimu za 622 (hizi zinazoitwa 28 au 29). Mzigo kilo 20 kila mmoja. Tuondoke mwezi gani, ile ya 622 inafaa, na maji yanakatika wapi?

Kirangozi:
Tuanze na njia, maana hapo wengi hukosea. Burton na Speke walitokea Kaole, wakazunguka Uluguru kwa kusini hadi Zungomero, ndipo wakapanda milima ya Usagara. Kwa baiskeli yenye mzigo hiyo ni adhabu. Stanley, mvumbuzi mwingine, mwaka 1871 alipita Simbamwenni, pale ilipo Morogoro leo, akavuka mbuga ya Makata na kufuata bonde la Mkondoa hadi Mpwapwa. Fuateni hii: Bagamoyo hadi Msata lami km 64, kisha Chalinze, Morogoro, Dumila, Kilosa, Kidete, Gulwe, Mpwapwa. Chalinze–Morogoro ni malori matupu. Ondokeni alfajiri, kioo cha pembeni na kizibao cha kung'aa ni lazima. Baada ya Kilosa mnaingia vumbi, na Mkondoa ukifurika hung'oa makalavati, kwa hiyo ulizieni pale mjini kwanza.

Mwezi: Juni hadi Septemba. Stanley aliingia Makata na mvua za masika, tope likamla punda na watu. Kiangazi upepo unatoka kusini mashariki, unawasukuma mgongoni.

Mkifika Tabora, achaneni na Stanley. Yeye alizungukia kusini kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa amefunga njia. Pitieni Urambo, mji wenye jina la huyohuyo Mirambo, kisha Kaliua na Uvinza. Ni jirani zaidi na alikopita Burton. Msione mnachanganya mambo: Sidi Mubarak Bombay, msaidizi wao, alikuwemo katika msafara wa Burton na wa Stanley pia.

Spoku40:
Hiyo ya 622 inafaa, ila muuza duka asiwadanganye. Tairi ya "28" iliyotundikwa kila senta ni ya Phoenix, 28 x 1½, kipenyo cha kukalia rimu ni 635. Kwenye 622 inapwaya kwa milimita 13, ukijaza upepo inachomoka. Bebeni tairi moja ya akiba ya kukunja na tyubu 3. Ya 26 mtaipata Morogoro, Dodoma na Tabora bila shida.

Valvu: tumieni yenye mdomo kama wa gari, hata fundi bodaboda atakujazia. Kama rimu imetobolewa kwa ile nyembamba, nunua kiunganishi cha shaba, viwili, kwa sababu ni kidogo na kinapotea.

Upepo kwa tairi ya upana wa inchi 2.0: nyuma psi 45, mbele 35, mchangani punguza kumi. Spoku zitakatika nyuma, upande wa gia, na huwezi kuingiza mpya bila kufungua gia. Chukua funguo yake pamoja na spoku 6 za urefu wa rimu yako. Za Phoenix hazitaingia.

Ugogo ni miiba ya migunga. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole, hadi kinase ncha. Ukiiacha, tyubu ya pili inakwenda vilevile. Piga msasa, paka solusheni, subiri hadi ising'ae kabisa ndipo ubandike. Kiraka kinachobanduka juani karibu kila mara kilibandikwa kibichi.

Mkwaju_Mbichi:
Shukrani wakuu. Maji je?

Kirangozi:
Sehemu mbili. Kwanza Marenga Mkali, kati ya Chunyo na Mvumi, karibu km 50. Jina linajieleza: maji machungu. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo jazeni lita 8 kila mmoja Mpwapwa. Wapagazi walivuka kwa terekeza: wanaondoka mchana maji wameyabeba, wanalala katikati, kesho asubuhi wanatokea ng'ambo. Bado ndiyo njia nzuri, saa nane mchana ukiwa umeshakula. Asiyetaka apitie njia ya Kongwa.

Pili, Mgunda Mkali, yaani Manyoni–Itigi–Tabora, km 260 hivi. Siku hizi ni lami, lakini vijiji viko mbalimbali. Lita 6, na mjaze kila penye bomba hata kama chupa zina nusu.

Spoku40:
Nyongeza: kuanzia Kaliua ni miombo na mbung'o. Wanafuata rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, na wanafuata kitu kinachotembea. Mavazi ya kahawia, mikono mirefu. Kitambaa chembamba wanakipenya.

Mkwaju_Mbichi:
Mwenzangu mifuko yake ya mzigo ni ya bluu.

Spoku40:
Ivalisheni viroba.