Naomba ushauri: takwimu za matumizi ya majarida

Habari zenu wakutubi wenzangu. Maktaba zetu za vyuo tumeanza kukusanya kwa pamoja takwimu za majarida ya kielektroniki, kwa ripoti za COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi hayo. Kinachonisumbua ni TR_J1, ripoti ya makala zilizofunguliwa kwa kila jarida. Msomaji akifungua makala kwenye kivinjari, kisha akapakua PDF yake hapo hapo, Total_Item_Requests (jumla ya mara zote) inahesabu mbili, Unique_Item_Requests (kila makala mara moja kwa kikao) moja. Tovuti ya mchapishaji mmoja humfungulia msomaji makala nzima kabla hajagusa PDF, basi jumla yake inavimba, na kamati sasa inataka kusitisha usajili wa majarida ya wachapishaji wengine, yanayoonekana hayasomwi sana! Inaniuma, maana wanafunzi wanayasoma kweli. Gharama kwa kila usomaji, ninyi mnagawanya kwa kipi? Na takwimu za kabla ya 2019, za JR1 (ripoti ya majarida ya toleo la zamani la COUNTER), mnazilinganishaje na hizi?