Siku 5 Le Pont-de-Montvert pamoja na mama mwenye magoti mabovu: tuone nini?

BabaWawili (Nîmes)

Habari zenu, wanajukwaa. Mwishoni mwa Juni tumepanga kukaa siku 5 Le Pont-de-Montvert, kijiji kilichopo kwenye miteremko ya kusini ya Mont Lozère, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Cévennes. Tutakuwa watano: mimi na mke wangu, binti wa miaka 13 anayetaka kupanda kila kitu, mdogo wake wa miaka 8, na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Machame. Mama ana nguvu zake, ila magoti yamechoka. Kwenye tambarare anatembea nusu saa bila shida, lakini mteremko mrefu unamtesa. Gari tunalo.

Vijitabu vya utalii nilivyosoma vinasifu mandhari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini havisemi gari linafika wapi na miguu inaanzia wapi. Nami naogopa kumwacha mama akiwa amekaa kwenye nyumba ya kupanga kila siku. Nilipomwonyesha picha ya Mont Lozère aliitazama kwa makini, kisha akaniuliza, "Mlima ni huu, au uko nyuma yake?"

Mtembezi48

Karibu sana, kaka, na umfikishie mama shikamoo yangu. Swali lake ni la haki: kilele cha Finiels, ambacho ndicho cha juu kuliko vyote vya Mont Lozère, kina mita 1,699, na kwa mtu aliyekulia Machame huo ni mwinuko wa kwenda shambani. Mlima huu hauna ncha. Ni mgongo mrefu wa matale, yaani mawe magumu ya graniti, uliofunikwa na nyasi na vichaka vya genêt, ambavyo mwezi wa Juni huwa vimechanua maua ya njano. Uzuri wake hauko katika urefu bali katika upana.

Kuhusu gari: barabara ya D20 inayotoka kijijini kwenda Le Bleymard inapita Col de Finiels, mita 1,541. Ukiegesha hapo, binti yako ana mita 158 tu za kupanda hadi kileleni, mwendo wa saa moja hivi kwa hatua za kawaida, na mama anaweza kubaki karibu na barabara akitazama mabonde yanavyofuatana kuelekea kusini. Binti akiona hiyo ni dharau, apande na mama yake kwa miguu kutoka kijijini. Hapo ni zaidi ya mita 800 za kupanda kwa GR 70 (GR ni njia ndefu za miguu zenye namba), yenye alama ya mstari mweupe juu ya mwekundu, nawe utawakuta juu ukiwa na gari. Upande wa kaskazini wa kilele, njia hiyo imepangiwa mawe marefu yaliyosimamishwa, yanayoitwa montjoies, ili msafiri asipotee katika ukungu au theluji. Msiyadharau kwa sababu ni kiangazi. Mwaka mmoja wingu lilitushukia ghafla mchana wa Julai, tukawa tunatoka jiwe hadi jiwe, mmoja anasubiri kwenye jiwe tulilopo huku mwingine akitafuta linalofuata, mpaka tukafika barabarani.

Mahali ninapopapendelea kwa mtu wa magoti ni Cham des Bondons, magharibi mwa kijiji. Ni uwanda wa mawe ya chokaa wenye zaidi ya menhir 150, yaani mawe marefu yaliyosimikwa na watu wa kale. Nchini Ufaransa ni Carnac tu inayoushinda kwa wingi. Jambo la kumwonyesha mama ni hili: ardhi ya hapo ni ya chokaa, lakini mawe yenyewe ni ya matale. Maana yake yalikokotwa kutoka kwingine, na watu wasiokuwa na gurudumu hata moja. Mengine yanaonekana kutoka barabarani. Mkiwa njiani, kwenye kitongoji cha Runes kuna maporomoko ya maji ya mita 60 hivi, lakini njia yake inashuka. Huko waende vijana.

Dada_wa_Montpellier

Naongezea kijiji chenyewe, kwa sababu watu hukipita wakikimbilia mlima. Ukisimama kwenye daraja la karne ya 17, lenye mnara wa saa upande mmoja, unausikia Mto Tarn ukipiga kelele kati ya majabali, ukiwa bado mdogo, kwani umezaliwa huko huko juu mlimani. Karibu na daraja hilo ndipo usiku wa tarehe 24 Julai 1702 lilipoingia kundi la Waprotestanti likiimba zaburi, likawafungua wenzao waliokuwa wamefungwa katika nyumba ya padri du Chaila, kisha likamuua padri mwenyewe. Ndivyo vilivyoanza vita vya Wakamisadi, yaani waasi hao wa Kiprotestanti, miaka 17 baada ya mfalme Louis XIV kufuta Amri ya Nantes iliyokuwa ikiwalinda. Ikiwa mama ni Mlutheri, kama walivyo wengi wa Machame, mpelekeni aone kanisa la Kiprotestanti la kijijini. Nimewahi kumwona mzee wa kwetu akikaa humo saa nzima, wakati sisi tulidhani angechoka baada ya dakika 5.

Siku moja muitenge kwa ajili ya Gorges du Tarn na Gorges de la Jonte, yaani makorongo ya Mto Tarn na Mto Jonte. Juu ya Jonte, karibu na Le Truel, kuna kituo cha kutazamia tumbusi wakubwa waliorudishwa katika eneo hilo kuanzia 1981, na darubini zipo. Watoto watapenda pia pango la Aven Armand, lililogunduliwa 1897, lenye nguzo ya mawe inayofikia mita 30. Treni ndogo inawashusha, ila ndani kuna ngazi nyingi, kwa hiyo kwa mama nasema hapana.

Mchunga_Punda

Namheshimu dada, lakini kwa safari ya gorges sikubaliani naye. Kutoka Le Pont-de-Montvert hadi bonde la Jonte na kurudi ni siku nzima ya kona, na mtoto wa miaka 8 kwenye kiti cha nyuma ataiona mifuko ya kutapikia kuliko tumbusi. Kama ni lazima, fanyeni hivyo siku ya kuondoka, kwa kuwa kutoka huko mnaweza kurudi Nîmes bila kupita tena kijijini.

Mimi ningekodi punda. GR 70 ndiyo njia aliyopita mwandishi Robert Louis Stevenson mwaka 1878 akiwa na punda jike aitwaye Modestine, aliyemnunua kwa faranga 65 na glasi ya brandi, akaja kumuuza kwa 35 mwisho wa safari. Hadi leo wapo wafugaji wanaokodisha punda kwa siku nzima au nusu siku. Punda hubeba mzigo wa kilo 40 hivi katika shogi, na wengi wa wenye punda hukubali mtoto mdogo apande panapokuwa tambarare. Kabla ya kuondoka mtafundishwa kukwangua kwato kwa kulabu ndogo, kwa sababu kokoto moja iliyokwama inatosha kuwaharibia siku. Wa kwetu alikataa kuvuka kijito kisichozidi upana wa mkeka. Tulimvuta, tukamsukuma, tukambembeleza, mpaka kijana wetu alipokaa chini kula tofaa. Punda akavuka mwenyewe kulifuata.

Kwa mama, pandeni na gari hadi kitongoji cha L'Hôpital, kwenye ardhi iliyokuwa ya watawa-askari wa Mtakatifu Yohane, waliokuja kuitwa wa Malta. Kwenye malisho ya upande huo mtaona majabali yaliyochongwa msalaba wao. Ndiyo yaliyokuwa mawe ya mpaka. Mbele kidogo ni Mas Camargues, shamba la zamani lenye nyumba ya matale iliyojengwa kama ngome.

BabaWawili (Nîmes)

Nawashukuru wote. Punda ameshapitishwa kwa kura, na gorges tumezihamishia siku ya kurudi. Nina maswali mawili. Nimesikia kuna mbwa wakali wanaolinda kondoo, tufanyeje? Na je, tunaweza kulala kwenye hema usiku mmoja huko juu, mimi na binti?

Mtembezi48

Juni ndio mwezi ambao makundi ya kondoo hupandishwa kutoka tambarare za kusini kwenda malisho ya juu, kwa njia pana za mifugo ziitwazo drailles, hivyo huenda mkayasikia kabla ya kuyaona, kutokana na kengele za shingoni. Mkikuta kundi lenye mbwa mkubwa mweupe, lizungukeni kwa mbali. Mbwa akija, simameni, msikimbie, msimtishe kwa fimbo, semeni naye kwa sauti ya kawaida, mumwache awanuse na kuhakikisha kwamba hamna shida na kondoo wake. Punda mshikeni mkononi, kwa sababu yeye hana subira ya kuhojiwa.

Hema linaruhusiwa katika kiini cha hifadhi kwa usiku mmoja tu, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 3 asubuhi, karibu na njia za GR. Moto ni marufuku kabisa, na droni pia. Mchukue nguo nzito hata kama mchana ulikuwa wa jua kali. Giza huchelewa sana mwezi huo, karibu saa 5 usiku, lakini likiingia mtaelewa kwa nini Cévennes ilitambuliwa mwaka 2018 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la usiku. Mdogo wake akinung'unika kwa kuachwa, mwahidini kwamba siku inayofuata atakwenda na bibi yake kuona mnara wa kengele wa tufani, kama ule wa Serviès, Oultet au La Fage, upande wa pili wa mlima. Kengele hizo zilipigwa wakati wa dhoruba ya theluji ili aliyeko nje aifuate sauti. Minara hiyo haina ngazi ya kupanda, na gari linafika hadi kitongojini.